Mama Mwilu Marie na nyumba yake

Masomo: 2 Timotheo 1:3-5, Waebrania 11:8-16



Kila mwaka, ikifika tarehe 27 mwezi wa nne, tunamkumbuka Mama Mwilu Marie Kiawanga, aliyelala siku hiyo mwaka 1959. Fanfari inapiga, wamama wanavaa kijani na nyeupe, watoto wanakariri majina. Ni vizuri. Lakini tumeona jambo moja. Tukiwauliza vijana wetu Mama Mwilu alikuwa nani, wengi wanajibu, "Mke wa Papa Simon Kimbangu," kisha wananyamaza. Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Toka mwaka 1921 mpaka 1959 ni miaka 38. Katika miaka ile yote Papa alikuwa kifungoni, na baadaye kaburini, mbali na kwao. Hapakuwa na hekalu, wala ofisi, wala karatasi ya serikali yenye jina letu. Hata hivyo Kanisa halikufa. Nani alilishika mkononi? Hilo ndilo swali la mafundisho ya leo.

Kwanza tumjue kama alivyokuwa. Mama Mwilu alikuwa mama wa kijiji. Nkamba ya siku zile haikuwa mji mtakatifu wenye mausoleo na watu wa mataifa wakiingia miguu mitupu. Ilikuwa kijiji kati ya vilima vya Kongo ya Chini, upande wa misioni ya Ngombe Lutete, ambapo mama huamka mbele ya jua, huenda shambani na jembe, hurudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Misioni ya Ngombe Lutete ilikuwa ya Wabatisti waliotoka Uingereza. Waliingia nchi ya Kongo mwaka 1878, na katika mwaka 1893 watu wa pande zile walipata Agano Jipya kwa Kikongo, kwa kazi ya mmisionari William Holman Bentley akisaidiwa na Nlemvo, mtoto wa Kongo. Katika Neno hilo ndimo Mama Mwilu na mume wake walimojua Kristo. Walibatizwa wote wawili Ngombe Lutete, tarehe 4 mwezi wa saba mwaka 1915.

Basi tuseme bila haya: Mama yetu alikuwa Mbatisti. Wako kati yetu wasiopenda kusikia neno hili, kama vile linampunguzia heshima. Linampunguziaje? Mungu hakumtoa Musa katika nyumba ya Waebrania waliokaa kwa raha. Alimtoa katika nyumba ya Farao, na mama aliyemnyonyesha alikuwa Mwebrania aliyelipwa mshahara kama yaya. Mungu huchukua moto pale alipokwisha kuuwasha. Na tukumbuke kwamba Papa Simon, Papa ilipomtaka serikali kifo katika mwaka 1921, wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa kati ya wale waliomwomba mfalme amwachilie uhai. Mtu asiyeweza kushukuru jirani yake hataweza kumshukuru Mungu pia.

Tena Mama Mwilu hakuwa wa kwanza katika mstari huu. Paulo anapomwandikia Timotheo anamkumbusha imani iliyokaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi, halafu ndani ya mama yake Eunike, ndipo ikamfikia yeye. Tazameni basi nyumba ya Nkamba. Mama Luezi, aliyemzaa Papa, alikufa mapema, na mtoto alilelewa na Mama Kinzembo, shangazi yake. Wazee wetu wamepokezana kwamba Kinzembo ndiye aliyemhurumia mmisionari aliyekuwa akifukuzwa na watu, akamficha, akampa maji ya kunywa, na mmisionari akambariki yeye na mtoto aliyekuwa akimlea. Luezi alizaa, Kinzembo alilea, Mwilu alishika. Wanaume wanahesabu vizazi kwa majina ya wababa, na hakuna ubaya. Lakini Loisi na Eunike wako katika Biblia, na Paulo hakumtaja baba ya Timotheo katika mstari ule.

Sasa tuje kwenye mwaka 1921.

Tarehe 6 mwezi wa nne, huko Ngombe Kinsuka, Papa Simon Kimbangu aliweka mikono juu ya Mama Nkiantondo aliyekuwa mgonjwa, akapona. Mnayajua yaliyofuata: njia zote zilijaa watu, mashamba yaliachwa, hospitali za misioni zikawa tupu. Kila mwaka tunahubiri juu ya wagonjwa wale. Ni nani amewahi kuhubiri juu ya mwenye nyumba iliyopokea watu wote wale? Kijiji kidogo kinapopokea umati, mama ndiye anayejua maji yamebaki kiasi gani katika mtungi. Mume wake anaitwa mtume. Yeye anaitwa na kila mgeni aliyekosa mahali pa kulala. Na alikuwa na watoto watatu wadogo: Kisolokele, aliyezaliwa tarehe 12 mwezi wa pili 1914, Dialungana, wa tarehe 25 mwezi wa tano 1916, na Diangienda, wa tarehe 22 mwezi wa tatu 1918.

Tarehe 6 mwezi wa sita, Bwana Administrateta Léon Morel alikuja na askari kumkamata Papa. Papa akawaponyoka, lakini kijiji kiliporwa. Miezi mitatu alikaa mafichoni, akiendelea kufundisha. Tarehe 12 mwezi wa tisa alirudi Nkamba mwenyewe akajitoa mikononi mwa Bula Matari, kama Bwana wake alivyojitoa bustanini. Tarehe 3 mwezi wa kumi, huko Thysville, ambayo sasa ni Mbanza-Ngungu, baraza la vita lilimhukumu kifo na viboko 120. Mwezi wa kumi na moja Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akapandishwa gari, akaletwa huku kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Msimame hapa kidogo, wapendwa, muingie katika nyumba ile ya Nkamba jioni ya kukamatwa. Mume amechukuliwa. Kisolokele, mtoto wa miaka saba, amechukuliwa pamoja na baba yake. Aliyebaki ni Dialungana wa miaka mitano, na Diangienda wa miaka mitatu. Jirani wanaogopa kuonekana mlangoni. Kesho yake mama yule ataamka, na watoto watauliza wale nini. Hapo ndipo Kanisa lilipokuwa, katika swali lile la asubuhi. Sisi tunapenda kuhesabu mwanzo wa Kanisa kwa miujiza ya mwezi wa nne, na ni haki. Lakini kuanza ni jambo moja, na kubaki ni jambo lingine. Asubuhi ile ya mwezi wa tisa ilikuwa pia mwanzo.

Wazee wetu wametupokeza kwamba Papa, mbele ya kwenda, alimwachia mke wake kazi. Hakumwachia kiti. Hakuna siku mtu alimpigia ngoma akisema, leo Mama Mwilu ni kiongozi. Serikali ilimtia macho, ilijua nani anaingia kwake na nani anatoka. Kwa hiyo watu walikuja usiku. Walisali msituni, walisali kwa sauti ya chini, wimbo ukaimbwa kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Wengine walikuja kuchota maji ya Nkamba na kuchukua udongo wake kidogo, wakapeleka kwa ndugu zao waliofukuzwa. Wengine walikuja kuuliza, "Mama, tufanye nini?" Na yeye aliwatia moyo, akawarudisha kwao kabla ya mapambazuko. Mwandishi wa serikali angetazama mchana angeona mama mmoja wa kijiji akipepeta unga.

Miaka ile haikuwa na adui wa nje tu. Ndani pia watu walichoka. Jeshi la Wokovu lilipoingia Kongo katika miaka ya 1930, wengi wa watu wetu walilikimbilia, kwa sababu waliona herufi S kwenye kola za maofisa wakasema, "Hii ni S ya Simon, Papa amerudi katika sura nyingine." Tunacheka leo. Wale hawakucheka, walikuwa na kiu. Wengine walizuka wakijiita manabii, kila mmoja na ndoto yake. Mama Mwilu aliona haya yote akiwa Nkamba. Hatukupokea habari kwamba alijitafutia kundi lake mwenyewe. Alishika alichopewa: kusali kwa jina la Yesu Kristo, kuacha nkisi, kuacha pombe na ngoma za uchi, mume mmoja na mke mmoja, kutorudisha ubaya kwa ubaya. Maneno machache ambayo mtu anaweza kuyabeba kichwani hata akinyang'anywa vitabu vyote.

Na watu walinyang'anywa zaidi ya vitabu. Kanisa letu linahesabu jamaa 37,000 waliotolewa katika vijiji vyao na kupelekwa relegasioni, mbali, mahali ambapo hawakujua lugha ya watu. Wengine walipelekwa Oshwe, wengine Ekafera, wengine Lowa, kule kwenye mto Lualaba. Hapo, wapendwa mnaosoma gazeti hili kwa Kiswahili, tusikilize vizuri. Bula Matari alidhani anatawanya moto ili uzimike. Kumbe alikuwa anapanda mbegu. Mkongo aliyefika Lowa na mke na watoto ilimpasa ajifunze Kiswahili ili anunue chumvi. Na akishajifunza kununua chumvi, alijua pia kusema habari za Yesu. Imani hii haikutufikia sisi wa mashariki na wa kusini kwa wahubiri waliotumwa na posho. Ilitufikia kwa wafungwa na wake zao. Na Papa mwenyewe alilala katika udongo wa Katanga toka tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, alipofariki baada ya miaka 30 ya kifungo, mpaka mwaka 1960. Kati ya Nkamba na Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500. Mume upande huu, mke upande ule, na nyumba yao haikuwa moja tena katika miaka yote 30.

Tunawajua wamama kati yetu ambao mume alikwenda kwenye machimbo ya Kolwezi akakaa miaka miwili tu bila habari, na jamaa ikaanza kusema, "Wewe unangoja nini?" Tunawajua wajane wa Bukavu, Goma na Uvira, ambao vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwachukulia waume, na vingine vilivyofuata vikawachukulia wana. Wamama hawa wanapokuja kwetu, mara nyingi tunawapa mstari mmoja wa Biblia na kuwaaga. Tungewapa Mama Mwilu. Huyu anajua. Hakuwa mjane, na hakuwa na mume. Alikuwa mke wa mtu ambaye serikali ilisema hatarudi, na ambaye yeye alisema kazi yake haijaisha.

Tuseme sasa juu ya watoto, kwa sababu hapo ndipo hekima yake inaonekana zaidi.

Kisolokele alitiwa katika shule ya serikali huko Boma, na Diangienda naye alisomea Boma. Shule ile ilikuwa ya kutengeneza vijana wa kuitumikia serikali. Mnaelewa maana yake: watoto wa mtu aliyefungwa wanafundishwa na yule aliyemfunga, wanakula chakula chake, wanajifunza lugha yake. Wakatoka huko makarani, wakafanya kazi katika ofisi za Wabeleji. Kwa macho ya watu, mama alikuwa amewapoteza wawili kati ya watatu. Dialungana ndiye aliyebaki kwa mama, Nkamba.

Lakini vijana wale wa ofisi hawakusahau walikotoka. Katika miaka ya 1950 Diangienda alianza kuwakusanya waamini wa Léopoldville. Mwaka 1957 waamini, mamia yao, walimwandikia Gavana Mkuu Pétillon wakimwambia waziwazi: tumechoka kufukuzwa, kama ni kutuua, tuueni wote, kama siyo, tuacheni tusali. Maneno yale yaliandikwa na watu waliojua Kifaransa cha ofisi. Mungu aliyatumia masomo ya Boma! Na ndugu watatu walikuwa kitu kimoja: Diangienda kiongozi, Dialungana mlinzi wa Nkamba, Kisolokele akawa mmoja wa mawaziri wa serikali ya kwanza ya mwaka 1960. Je, watoto waliotenganishwa wakiwa wadogo hivyo, kila mmoja na njia yake, wanapataje kuwa kitu kimoja wakiwa wakubwa? Shule ya Boma haikuwafundisha hilo. Kulikuwa na mama mmoja kijijini ambaye wote watatu walijua watamkuta.

Tarehe 27 mwezi wa nne 1959, Mama Mwilu alilala. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, serikali ya Wabeleji ilitambua Kanisa. Miezi minane! Tarehe 3 mwezi wa nne 1960, mwili wa Papa ulifika Nkamba ukitoka huku Elisabethville. Mama hakuwepo mlangoni kuupokea, aliyekuwa ameungoja kuliko watu wote.

Wapendwa, tumeulizwa swali hili na mama mmoja wa parokia, na halikuwa swali la mzaha: kwa nini Mungu hakumwongezea miezi minane? Hatutalijibu kama watu wanaojua mashauri ya Mungu. Tunasoma tu Waebrania sura ya 11, ambapo imeandikwa juu ya wale waliokufa katika imani bila kuzipokea ahadi, lakini walizitazama kwa mbali na kuzisalimu. Musa naye aliiona Kanaani toka juu ya mlima Nebo, hakuikanyaga. Kusalimu kitu kwa mbali ni jambo la mtu wa njia. Mtu anayesafiri akiona moshi wa kijiji chake juu ya kilima huinua mkono, ingawa bado mto uko kati. Mama Mwilu aliona moshi. Wanawe watatu walikuwa wamekwisha kusimama. Waamini walikuwa wamekwisha kuacha kunong'ona. Aliinua mkono, akaenda.

Tunakuja kwenye jambo zito, na tungependa kulinyamazia, lakini mafundisho juu ya Mama Mwilu yanayoliacha yatakuwa ya uongo. Papa Kisolokele alilala tarehe 17 mwezi wa tatu 1992, Papa Diangienda tarehe 8 mwezi wa saba mwaka uleule, na Papa Dialungana tarehe 16 mwezi wa nane 2001. Baada ya hapo ugomvi uliingia kati ya wajukuu, ambao ni 26, na kutoka kwa wajukuu ukashuka kwa wachungaji, kutoka kwa wachungaji mpaka ndani ya nyumba zetu. Tuna parokia ambapo ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya hiyo. Tuna msiba ambapo jeneza lilingoja juani wakati wazee wakibishana ni upande gani utakaoimba. Hatuandiki hapa kumhukumu mtu wa jamaa ile tukufu. Hiyo si kazi yetu. Tunasema na sisi wenyewe, waamini, tuliopenda kuchagua upande kama watu wa mpira.

Bula Matari alikuwa na bunduki, gereza na gari la moshi, na alijaribu miaka 38 kuivunja nyumba ya Mama Mwilu. Hakuweza. Leo hakuna anayetufunga. Tangu mwaka 2023 tarehe 6 mwezi wa nne ni sikukuu ya taifa zima, na serikali inafunga ofisi zake kwa ajili ya yule iliyemfunga. Tukiwa katika uhuru huo, tuivunje nyumba ile kwa midomo yetu? Yeye aliyenyang'anywa mtoto wa miaka saba hakufundisha chuki kwa wale wawili waliobaki. Sisi tumenyang'anywa nini?

Kwa hiyo tunaomba mwaka huu jambo dogo. Tarehe 27, kabla ya fanfari na kabla ya nsinsani, kila parokia imtafute mama mzee, au mtoto wa mtu wa relegasioni, asimame aseme alivyosikia kwa wazazi wake: walitoka kijiji gani, walifika wapi, nani alikufa njiani, walisali vipi. Asikatishwe, hata akisahau tarehe. Akitaka kusema kwa Kikongo, aseme, na mtu atafsiri. Na ikiwa mama huyo ni wa upande usio wenu, mwiteni vilevile, mumpe kiti cha mbele. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike yote katika daftari, pamoja na majina ya wamama, siyo ya wababa tu. Madaftari yafike kwa katibu wa parokia kabla ya Noeli, tarehe 25 mwezi wa tano, siku ya kuzaliwa kwa yule mtoto aliyebaki Nkamba na mama yake.

Amina.